Kumsifu Breka

Nyumbani kwetu kila mtu anasifu jua. Mgeni akiingia huonyeshwa paneli mbili juu ya bati, kisha betri, kisha inveta yenye taa yake ya kijani, kama tunaotambia watoto waliofaulu. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mgeni breka. Imejibanza ukutani ndani ya kiboksi cha plastiki, na jina lake hutajwa siku inaporuka tu, tena kwa maneno yasiyofaa mbele ya watoto.

Leo namsifu. Na kwa kuanzia namtoa katika ngeli ya i-zi, alikokuwa akikaa na meza na kalamu, namwingiza ya a-wa. Kiumbe aliyemnyima mama mkwe wangu pasi, ana kwa ana, hawezi kubaki na meza.

Mama alifika kwetu Mkuranga wiki moja kabla ya harusi, na gauni lake la kitenge lilikuwa limejikunja kwa safari. Akaomba pasi. Nani amwambie hapana? Mke wangu akanitazama, nami nikatazama dari. Hesabu tulikuwa nayo kichwani sote wawili: pasi wati 1,200, friji na televisheni kama 200 nyingine, na mfumo wetu ni wa volti 12. Gawanya, unapata karibu ampea 117. Ongeza kinacholiwa na inveta yenyewe, unakaribia 130. Breka ameandikwa 100. Tukasema kwa pamoja, “Chomeka tu, mama.” Dakika ya sita, giza. Breka hakuamkia, hakuomba radhi, hakusingizia mtandao. Alisema lile neno ambalo watu wazima wawili tulilimeza.

Wenye pupa husema breka anasumbua. Kumbe ana lugha, ila huielewa anayetazama saa. Akiruka papo hapo, kidole chako hakijatoka kwenye swichi, mara nyingi ni shoti: koili iliyomo ndani yake imegeuka sumaku na kuvuta mtego. Akikaa dakika kadhaa ndipo aanguke, mzigo umezidi. Hapo kinachofanya kazi ni kipande cha metali mbili zilizogandamana, ambacho hupinda kadiri kinavyopata joto. Akiruka unapowasha inveta tu, kisha akakubali mara ya pili, huenda kapasita za inveta zilikuwa tupu zikagida umeme kwa mkupuo mmoja. Na yule anayeruka saa saba mchana kwa mzigo uleule aliouvumilia alfajiri? Huyo analia na joto. Kiwandani breka hupimwa kwa nyuzi 30 au 40, nawe umemtundika chini ya bati la Mkuranga, mwezi wa Januari.

Pasi ikarudi kabatini, naye bado akawa anaruka, kwa friji tu. Hapo nilimtukana, nakiri. Fundi wa kwanza alishauri tumng'oe tufunge wa 160. Ushauri mtamu! Ila waya wangu umenunuliwa kwa kipimo cha ampea 100, na ukimweka mlinzi mvumilivu kuliko anachokilinda, utakaoungua kwanza ni waya. Fundi wa pili, mzee wa maneno machache, alimgusa breka shavuni kwa nyuma ya kiganja, kama anayempima mtoto homa. Upande mmoja ulikuwa wa moto. Akazima vyote, akatenganisha paneli kisha betri, akachukua bisibisi. Skrubu ilizunguka karibu duara zima kabla ya kukaza. Waya uliolegea huchemka pale pale unaposhikia, joto hilo humwingia breka mwilini, naye huruka kwa mzigo ambao siku nyingine angeubeba akipiga mluzi. Siku zote zile alikuwa shahidi, mimi nikamweka kizimbani.

Ana nasaba pia. Mwaka 1924 kampuni ya Hugo Stotz, mjini Mannheim, Ujerumani, ilipata hataza ya breka mdogo wa kuchukua nafasi ya fyuzi. Lakini ukoo ni mpana na si kila ndugu anafaa kila kazi. Mimi niliwahi kuuziwa wa gridi nikaambiwa “ni walewale”. Si walewale. Umeme wa gridi hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inayozuka breka akifunguka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli na betri hausinzii hata kidogo, na cheche yake yaweza kuendelea kuwaka humo ndani mpaka plastiki iyeyuke. Dukani wanafanana kama mapacha. Tafuta herufi DC na volti zake, na ukiona alama za chanya na hasi zifuate, kwa sababu wengine wakifungwa kinyume hushindwa kuizima cheche yao wenyewe.

Mama, kwa upande wake, hakungoja mafundi. Aliazima pasi ya mkaa kwa jirani, na ukumbini hapakuwa na kitenge kilichonyooka kama chake. Asubuhi ya kuondoka, mkoba ukiwa tayari begani, alisimama mbele ya kile kiboksi akakitazama kwa muda.

“Mkwe wangu,” akaniuliza, “na huyu naye kaamkaje?”

Nikamjibu hajambo, tumemkaza skrubu.