Mbuta Begani

Nina ugomvi wa muda mrefu na swali la "Unatafuta nani?" Ukiulizwa langoni pa watu, sawa, nyumba ni yao na mbwa ni wao. Ukiulizwa na askari mlangoni pa ofisi ya chifu, nitavumilia pia. Lakini mtu anayeingia duka la pochi anaweza kuwa anatafuta nani? Pochi ni binamu yangu? Imekamatwa, nami nimekuja kuiwekea dhamana?

Sisi wa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, hatukulelewa hivyo. Vuka daraja uingie sokoni Mbita, usimame kidogo mbele ya meza ya mtu, hata kama umesimama kutoa kijiwe kiatuni. Papo hapo umekuwa "nyamera", yaani dada, umesogezewa kigoda, na blauzi imepitishwa kichwani kwako bila idhini. Mwenye mitumba atakuapia kwamba hiyo ni kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, na doa uliloligusa kwa kidole ni fasheni. Ukisema huna pesa, atakuuliza ni nani amekudai. Chukua, utalipa mbalamwezi ikiisha, kwa maana omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu kisiwa kizima hula kwa mkopo. Kazi ya soko la Mbita ni kutoka. Kuingia ni rahisi mno.

Sasa shangazi yangu akataka pochi ya mahafali ya bintiye. Shangazi huyu ana boti zake bichi ya Litare, kwetu Rusinga, ana vijana wanaomfanyia kazi, na omena yake huingia soko la Gikomba, Nairobi, kabla jua halijachomoza. Pesa zake zinakaa sehemu mbili: kwenye simu, na kwenye fundo la leso. Akasema hataki pochi ya Mbita, wala ya Homa Bay, wala ya Kisumu. Anataka ya nyadhi, ya kuwafanya wakwe watarajiwa wakae wima. Watu wa ziwa tukishataka kitu cha nyadhi, kututajia bei ni matusi.

Tukapanda basi la usiku hadi Nairobi. Asubuhi tukatoka kituoni moja kwa moja hadi jumba moja la maduka ambalo sitalitaja, kwa sababu wao wana mawakili na mimi nina safu tu. Shangazi alikuwa na leso mbili, slipa, na harufu ya kazi. Sikatai. Omena ikikaa na mtu miaka thelathini, huwa mmoja wa jamaa.

Binti wa dukani alitutazama kuanzia slipa kwenda juu, akafika magotini akaona imetosha.

"Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta pochi, mwanangu."

"Za bei nafuu ziko ghorofa ya chini, karibu na supamaketi."

Shangazi hakumsikia, ama alisikia akaamua kutosikia. Alikuwa ameshaanza ukaguzi. Ili muelewe, lazima niwaeleze jinsi anavyonunua samaki pale bichi. Kwanza anamtazama jicho kama bado linang'aa. Anainua matamvua aone wekundu. Anambonyeza ubavu kwa kidole gumba asubiri nyama irudi. Mwisho ananusa, polepole, macho amefumba, na hapo ndipo wavuvi wazima huanza kujitetea. Pochi ya kwanza ikafunguliwa mdomo, ikachunguliwa kooni, ikabonyezwa ubavu. Alipoisogeza puani, binti akapiga yowe dogo la kisomi.

"Tafadhali mama, haziguswi!"

Hebu fikirini. Mimi nimekuja na pesa yangu, nisiguse. Yeye ananitazama viatu, nywele, kucha, na mfuko niliobeba kutoka nyumbani. Pale bichi mnunuzi humkagua samaki. Hapa samaki ndiye anayemkagua mnunuzi, na akimwona amelegea ubavu, humrudisha ziwani.

Nilidhani omena ndiyo iliyotuponza, hadi nilipomkumbuka Oprah Winfrey, na Oprah hanuki omena. Mwaka 2013 alikuwa Zurich, Uswisi, kwa ajili ya harusi ya Tina Turner. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliingia dukani akaomba aonyeshwe mkoba wa ngozi ya mamba wa kiasi cha faranga 35,000, na muuzaji akamwambia huo ni ghali mno, akamletea mwingine. Muuzaji alikana, mwenye duka akasema ni kutoelewana, na ofisi ya utalii ya Uswisi ikaomba radhi. Mwanamke mwenye mabilioni ya dola! Kama yeye alielekezwa ghorofa ya chini, sisi wa basi la usiku tulitegemea nini? Nchi nzima ije kutuomba radhi? Hata soja wa mlangoni, aliyetuuliza swali lile lile, hakutuomba.

Na mamba mwenyewe ni wa kwetu. Mikoba mingine ya Hermès, ile ya bei ya kukufanya ukae chini, hushonwa kwa ngozi ya mamba wa Nile, jamii ile ile ya mamba anayewakimbiza mama zetu wakifua nguo ukingoni mwa ziwa. Akiwa majini tunampigia kelele na kumrushia mawe. Akishapanda bega la tajiri, ndiye hagusiki.

Nirudi dukani. Shangazi aliweka chini ya kwanza, akachukua ya pili. Ilikuwa ndogo, ya kijani kibichi, yenye mikunjo midogo midogo mwili mzima. Akaipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Hii ni ngozi ya nini?"

"Hiyo ni ngozi ya kigeni, mama. Ni nadra sana. Huku haipatikani."

Shangazi akapitisha kidole kwenye mikunjo, akarudisha kinyume. "Huyu ni mbuta."

"Samahani?"

"Mbuta. Hapa magamba yalikuwa yanakaa. Huu ni ubavu wake wa kushoto."

Binti akatabasamu tabasamu la kumhurumia mgonjwa. Shangazi hakuwa mgonjwa. Kisumu wapo mafundi wanaochukua ngozi za mbuta zilizotupwa na viwanda vya samaki, wakazilainisha na kuzitia rangi, zikatoka viatu, kofia na mikoba. Ngozi ya mbuta ni ngumu, na vile vijifuko vilivyoshika magamba hubaki vikionekana hata uipake rangi ya shetani. Mtu aliyeparua mbuta tangu usichana wake utamdanganya nini?

Hapo ndipo hasira yangu ilipoingia kweli, tena haikuwa ya yule binti, ilikuwa ya mbuta. Maana huyu samaki si mwenyeji hata kidogo. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akawala wenyeji wake bila kunawa mikono, samaki wadogo chungu nzima wakatoweka. Tukamsamehe kwa kuwa ana nyama. Viwanda vikaja: mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya. Bondo lake, ambalo bibi zetu walikuwa wakilitupa pamoja na matumbo, likapata wateja China, na sasa lina bei kuliko samaki mwenyewe. Sisi tukabakiziwa mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa, tukakaanga tukashukuru. Nikasema moyoni, angalau ngozi imebaki nyumbani. Kumbe ngozi nayo imehamia Nairobi, imekaa kwenye rafu yenye taa yake binafsi, na mimi naulizwa namtafuta nani.

Kwetu ndivyo mambo yalivyo. Mwaka 1948 Mary Leakey aliokota fuvu la Proconsul pale Rusinga, sokwe wa kale wa miaka kama milioni 18, na fuvu likapandishwa ndege mpaka Uingereza. Halikuwa na viza wala taarifa ya benki. Likapokewa na maprofesa, likawekwa mahali pazuri. Kwa hiyo ukiwa wa Rusinga na unataka kupokewa vizuri na watu wakubwa, njia zipo mbili, uvuliwe ama ufukuliwe.

Shangazi akauliza, "Mwisho ni ngapi?"

"Elfu arobaini na nane. Bei haipungui."

"Nimeuliza mwisho."

"Huo ndio mwisho, mama. Ndio mwanzo na ndio mwisho."

Nikamvuta leso, nikamwambia twende. Kwa elfu arobaini na nane unapata mbuta wa kutosha kuwashonea viatu wanakwaya wote wa kanisa letu. Na hapa ndipo sikumwelewa shangazi yangu kabisa. Mwanamke ambaye mimi nimemwona akibishania shilingi tano kwa nusu saa na mvuvi mwenye homa, alitoa simu akalipa yote. Hakuomba hata nyongeza. Akamtazama yule binti kuanzia viatu, akafika magotini, akaachia hapo. Ndipo nikajua pesa imetolewa kwa ajili ya kumjibu mtu, pochi imefuata tu.

Kumbe haya yana wasomi wake. Mwaka 2014 Morgan Ward na Darren Dahl walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba katika maduka ya anasa, muuzaji mwenye dharau humfanya mteja aitake zaidi ile bidhaa, hasa kama mteja anatamani kuwa miongoni mwa watu wa namna hiyo. Kwa bidhaa za kawaida dharau haisaidii. Yaani yule binti hakuwa na kiburi. Alikuwa kazini! Wenzake kwingine wanapewa mafunzo ya kusema karibu, yeye pengine alipewa mafunzo ya kutazama magoti.

Hermès wenyewe wameenda mbali kuliko hapo. Mkoba wao wa Birkin ulizaliwa mwaka 1984, baada ya mwigizaji Jane Birkin kumwaga vitu vyake vya kikapu ndani ya ndege, jirani yake akiwa Jean-Louis Dumas, mkuu wa kampuni. Birkin mwenyewe alisimulia kwamba mchoro wa kwanza ulichorwa kwenye mfuko wa kutapikia wa ndege. Mama zetu wamemwaga vikapu kwenye matatu ya Mbita tangu uhuru, na walichoambulia ni matusi ya makanga. Ule mkoba wa kwanza kabisa uliuzwa mnadani Paris Julai 2025 kwa yuro milioni 8.6, zaidi ya shilingi bilioni 1.2, nao ulikuwa umechakaa. Mitumba, ndugu zangu. Hata kamera haikuwa.

Na ukiutaka mpya, pesa pekee haitoshi. Mwaka 2024 wateja huko California walikwenda mahakamani wakidai kwamba ili uonyeshwe Birkin, lazima kwanza ununue viatu, skafu na vito vyao mpaka waridhike nawe. Hata wakiridhika, mpya unaanzia zaidi ya shilingi milioni 1.2, na kwa kuwa M-Pesa haikuruhusu kutuma zaidi ya 500,000 kwa siku, ungelazimika kulala pale dukani siku mbili ukisubiri siku ya tatu.

Lakini sisi Wakenya tusijidharau, mkoba wa gharama kuliko Birkin tunao. Unaitwa juala. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, ukikamatwa na mfuko wa plastiki wa kubebea nyanya, sheria inaruhusu faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, ama jela hadi miaka minne. Nionyesheni mwanamke wa Paris mwenye begi la kumfunga miaka minne. Kwa hofu ya sheria hiyo, binti alitia pochi ya shangazi ndani ya mfuko wa kitambaa, akatia mfuko wa kitambaa ndani ya mfuko wa karatasi, akafunga utepe. Soja wa mlangoni aliyetuuliza tunatafuta nani sasa akatufungulia mlango, akausalimu ule mfuko wa karatasi.

Mahafali yalipita vizuri, wakwe watarajiwa walikaa wima. Ningeliacha jambo hili hapo kama shangazi naye angeliacha. Lakini aliporudi Litare alirudi na elimu.

Siku hizi pochi ya kijani inaning'inia kwenye msumari katika banda lake la omena, na haiguswi. Mnunuzi akifika na gunia, shangazi hasimami. Anamtazama kuanzia slipa. "Unatafuta nani?" Mtu akisema anatafuta omena, anaambiwa hii ya leo huenda asiiweze, ya bei nafuu iko bichi ya pili, karibu na choo. Nilidhani atafunga biashara mwezi huo huo. Watafiti walishasema mbinu hii haifai kwa bidhaa za kawaida. Ni kwamba hawakufika Litare. Wachuuzi kutoka Kisumu wanapanga foleni alfajiri wamevaa viatu vya kanisani, na mmoja nilimwona kwa macho yangu akipaka mafuta magotini kabla ya kuingia.

Nami niliye damu yake, niliyelala naye kwenye basi, nilikwenda kuomba gorogoro moja ya omena safi ya kula nyumbani. Akaniuliza kama jina langu liko kwenye daftari. Sikuwa na habari kwamba kuna daftari. Akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba omena ya daraja la kwanza hatoi kwa mtu ambaye hana historia naye. Nianze kwanza na ile iliyovunjika, halafu vumbi la kulishia kuku, tuone tutakavyokwenda. Nimeanza. Nyumbani kwangu sasa kuna vumbi la omena la kulisha kuku wa Rusinga na Mfangano pamoja, na mimi sifugi kuku.