Jinsi ya Kuokoa Majina ya Ukoo Bila Kuyajua

Ndugu yangu, umeteuliwa mwenyekiti wa kamati ya kuhifadhi mila ya majina Garissa. Hongera. Tatizo ni moja: kwenye abtirsi, ile orodha ya mababu anayokaririshwa mtoto wa Kisomali, wewe unaishia kwa babu. Usihofu. Majina matatu yanatosha kwenye kitambulisho, na uenyekiti hauombi zaidi.

1. Anza na mavazi. Vaa macawis mpya, kile kikoi cha Kisomali, shika bakora, paka ndevu hina. Mwenye ndevu nyekundu haulizwi maswali.

2. Mkutano ufanyie Nairobi. Mombasa ni bora zaidi. Ukiufanyia Bula Iftin, hapa hapa Garissa, bibi fulani ataingia, ataje mababu ishirini bila kuvuta pumzi, na posho itakuwa chungu.

3. Wakikuomba ukariri, taja jina lako, la baba na la babu kwa sauti ya kujiamini. Kohoa. Endelea na Abdi, Hassan, Mohamed, Ali, kwa mpangilio wowote. Ukoo usio na Abdi bado haujaonekana. Malizia na jina la mkuu wa ukoo ambalo kila mtu analijua. Mwanzo kweli, mwisho kweli, na katikati Mungu ni msitiri. Ila mchunge mzee aliyefumba macho. Hajalala, anahesabu.

4. Uwe na kisingizio. Kwa miaka mingi kijana wa huku aliyetaka kitambulisho alipigwa msasa na wazee na machifu: wewe ni wa nani, babu yako nani? Ilikuwa dhuluma, lakini mtihani ni mtihani. Februari 2025 Rais William Ruto akatangaza kuuondoa. Sasa kila ukikwama sema, "Siku hizi haya hayaulizwi," na utikise kichwa kwa huzuni.

5. Jina la utani usijipe. Mfupi huitwa Gaab, mrefu Dheere, wa mkono wa kushoto Gurey, na hata Siad Barre, rais wa zamani wa Somalia, pamoja na vifaru vyake, aliitwa Afweyne, mdomo mkubwa. Ukijiita Simba, kufikia jioni wazee wa kijiweni watakuwa wamekupatia la kweli.

6. Mtoto wako akizaliwa, chinja mbuzi siku ya saba na upige picha nyingi. Wazee walimwita Roble aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Geedi aliyezaliwa safarini. Wa kwako mpe jina la mwigizaji wa tamthilia ya Kituruki, kisha uhutubie watu kuhusu majina ya kale yanavyopotea.

7. Lenga UNESCO. Kenya iliridhia mkataba wa urithi wa mwaka 2003 hapo 2007, na ngoma ya Isukuti imeorodheshwa tangu 2014. Fomu inadai ridhaa ya jamii. Shemeji zako ni jamii, watie saini.

8. Mkeo usimwalike. Anabeba jina la baba yake mpaka kaburini, na usiku ndiye anayewakaririsha watoto mababu zako, hata wale usiowajua. Mtaalamu wa namna hiyo huharibu mkutano.

Mwisho, saini karatasi ya nauli kabla ya adhuhuri. Baada ya swala foleni huwa ndefu.