Waraka kutoka Banbury kwa Ukoo wa Kitale na Bungoma, kuhusu Ununuzi wa Subaru Iliyokwisha Kutumika

Neno Subaru, kabla halijawa jina la gari, ni jina la Kijapani la lile kundi la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia, yaani nyota zilizowaambia wakulima wa zamani wakati wa kushika jembe. Na kwa kuwa Trans Nzoia ni kaunti ya mahindi kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ingetarajiwa kwamba huko Kitale jina hilo lingeleta picha ya mbegu na mbolea. Halileti. Kwa kijana wa Kitale, na kwa binamu yake wa Bungoma, Subaru haimaanishi hata kila gari la kampuni hiyo, kwa kuwa lile la mwalimu mkuu mstaafu halihesabiwi. Humaanisha Impreza WRX na dada yake mkali zaidi, STI, ambazo injini zake hulishwa hewa na turbo na ambazo nguvu zake hugawanywa kwa magurudumu yote manne wakati wote. Maana hii finyu ndiyo itakayotumika katika waraka huu, kwa sababu ndiyo iliyotumika katika ujumbe uliouomba.

Ni lazima pia ielezwe kwa nini ombi lilitumwa Banbury, mji wa wastani katika jimbo la Oxfordshire nchini Uingereza, kwa kuwa ukoo umejenga hoja nzima juu ya anwani hiyo. Ni kweli kwamba kampuni ya Prodrive, iliyoyaandaa magari ya Subaru ya mashindano ya dunia tangu 1990 hadi 2008, iko Banbury, na ni kweli kwamba magari hayo ya buluu yalishinda Safari Rally mara mbili, mwaka 1997 yakiendeshwa na Colin McRae na mwaka 2000 yakiendeshwa na Richard Burns. Ni kweli vilevile kwamba mapenzi ya Wakenya kwa gari hili yana mizizi ya nyumbani, kwa maana mwaka 1990 Patrick Njiru aliimaliza Safari akiwa wa nane katika Legacy ya kundi N, yaani kundi la magari yanayokaribiana sana na yale ya dukani, na hakuna gari la kundi hilo lililokuwa limewahi kufika mwisho wa mashindano hayo. Kutoka katika kweli hizi tatu, kikao cha ukoo kilihitimisha kwamba jamaa yao anayeishi Banbury ni mtaalamu wa Subaru, hoja ambayo kwa mantiki hiyohiyo ingemfanya kila aliyekulia Webuye kuwa mtaalamu wa kutengeneza karatasi. Mhamiaji huyo anafanya kazi katika ghala la vyakula. Hata hivyo, cheo kinachotolewa na wazee hakikataliwi kwa simu, na ndiyo maana utafiti ulifanyika.

Jambo la msingi ambalo mnunuzi wa gari la namna hii hana budi kulishika ni kwamba hanunui chuma pekee, bali hununua pia tabia ya kijana aliyekiendesha kabla yake, na wakati mwingine tabia za vijana watatu kwa mpigo. Probox iliyobeba abiria kumi na gunia la viazi kati ya Chwele na Kimilili imeteseka, lakini imeteseka hadharani, na mateso yake yanaonekana kwenye springi na viti. Subaru huteseka usiku, kwa siri, kisha huoshwa asubuhi. Kwa hiyo ukaguzi wake unafanana zaidi na ule wa posa, ambapo wazee hawaulizi bibi harusi ni mrembo kiasi gani, kwa kuwa wana macho, bali huuliza nyumbani kwao watu huishi vipi.

Swali la kwanza ni kama gari lenyewe ndilo lile linalodaiwa kuwa. Ziko Impreza za injini ya sentimita za ujazo 1,500, zisizo na turbo, ambazo zimebandikwa nembo ya WRX na kutobolewa bonneti ili ziwekewe lile tundu pana la hewa. Katika WRX ya kweli, tundu hilo hupeleka upepo kwenye intakula, kifaa kinachoipoza hewa iliyopashwa joto na turbo kabla haijaingia kwenye silinda. Katika WRX ya kubandika, hupeleka mvua juu ya betri. Dawa yake ni kusoma kibati cha chesisi ndani ya bonneti: kwa kizazi cha miaka ya 2000 hadi 2007, herufi GDA humaanisha WRX na GDB humaanisha STI, ilhali GD2 na GD3 humaanisha kwamba muuzaji ana stika nzuri. Kizazi cha kwanza huanza na GC8, na STI za mwisho ni VAB.

Injini yenyewe ni ya aina inayoitwa bapa, kwa maana pistoni zake nne hazisimami wima kama za Corolla bali hulala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, zikienda na kurudi kama ngumi za mabondia wawili wasiofikiana. Ulalo huo huuweka uzito wa gari karibu na ardhi, jambo linalolisaidia kwenye kona, lakini una gharama zake. Plagi ziko ubavuni, mahali ambapo mkono wa fundi aliyezoea Toyota huingia kwa shida na kutoka na michubuko, na kwa sababu hiyo huwa hazibadilishwi hadi gari likatae kuwaka. Injini zenye turbo pia hutumia oili ya kutosha kumshangaza mmiliki mvivu, na kiwango chake kikishuka huku gari likikimbizwa, zile beringi zinazoshika mikono ya pistoni hukosa ulainisho na kusagika. Matokeo yake mafundi huyaeleza kwa neno moja, kwamba injini imenoki, yaani imeanza kugonga kwa ndani kwa mlio mzito unaoongezeka kadiri mafuta yanavyokanyagwa. Kwa hiyo kijiti cha oili ndicho kitabu cha kwanza cha kusomwa: oili ikiwa chini ya alama, au nyeusi na nzito kama uji wa wimbi, maelezo mengine yote ya muuzaji kuhusu matunzo yawekwe kando.

Ipo pia habari ya mkanda wa taiming, ule unaoratibu mwendo wa valvu na pistoni, ambao katika injini za mfululizo wa EJ hubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000, na ambao ukikatika pistoni huzikuta valvu njiani na kuzipinda. Gereji nyingi za Japani hubandika stika ndani ya bonneti kuonyesha siku mkanda ulipobadilishwa, na hapa ndipo usomi unapohitajika, kwa sababu mwaka huandikwa mara nyingi kwa hesabu ya utawala wa mfalme. Namba 24 katika enzi ya Heisei ni mwaka 2012, na si kilomita elfu 24 zilizobaki, kama wauzaji wawili tofauti walivyokwisha kuieleza familia hii kwa kujiamini kulekule.

Kuhusu turbo, mahali penyewe panatoa funzo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo kwa upande wake wa pili huisukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kiasi cha kuinyima injini isiyo na turbo zaidi ya moja ya sita ya nguvu zake. Yenye turbo hufidia upungufu huo kwa kuizungusha feni kwa kasi zaidi, na hivyo huficha uchovu wake kwa bidii kama mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400, na ndiyo maana majaribio yanayofaa si ya kuzunguka Kanduyi kwenye tambarare, bali ya kulipandisha gari kutoka Webuye hadi Kiminini likiwa na watu wanne, redio imezimwa, huku mmoja akitazama nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Na mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, wenye harufu ya utamu, ni maji ya radieta yanayopita kwenye gasketi ya silinda iliyochoka. Ikumbukwe pia kwamba magari yaliyotengenezewa soko la Japani yalipangiwa petroli ya oktani 100, kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake, na pampu za kawaida za Kenya huuza ya chini ya hapo. Kuulizia gari lilikuwa likijazwa wapi si udaku.

Sauti inahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa vijana wa ukoo wamekuwa wakiyapanga magari kwa sauti. Ule mlio wa "pshii" unaosikika dereva anapoachia mafuta hutokana na valvu inayoitoa hewa ya turbo isiyohitajika tena. Kiwandani, hewa hiyo hurudishwa kwenye bomba la kuingilia, kwa sababu imekwisha kupimwa na kompyuta imekwisha kuipangia petroli yake. Vijana huondoa mpango huo ili hewa itoke nje na watu wasikie. Petroli iliyopangiwa hewa iliyokimbia hubaki bila mwenzi na kuungua vibaya, na kwa hiyo kile kinachoshangiliwa mbele ya kituo cha mafuta ni, kwa lugha ya uhasibu, hasara inayopiga mbinja.

Lakini ugonjwa ulio ghali kuliko unavyoonekana uko kwenye mgawanyo wa nguvu. Gari linapokata kona, kila gurudumu hupita njia ya urefu wake, na la mbele huzunguka zaidi ya la nyuma. Ndiyo sababu kati ya ekseli hizo mbili huwekwa difu ya kati, kifaa kinachoruhusu tofauti hiyo bila ugomvi. Kifaa hiki kimeundwa kwa ajili ya tofauti ndogo na za muda, na si kwa ajili ya utaratibu wa uchumi unaojulikana sana katika kaunti zote mbili, wa kununua tairi moja ya mtumba leo na nyingine baada ya mavuno. Tairi mpya ni kubwa kuliko iliyokwisha, hata kama zote zimeandikwa ukubwa uleule, na inashauriwa mizunguko ya tairi zote nne isitofautiane kwa zaidi ya milimita sita hivi. Zikitofautiana zaidi, difu ya kati hufanya kazi ya kona hata kwenye barabara iliyonyooka, hupata moto, na hatimaye hushikana. Kipimo chake hakina gharama: gari lipelekwe mahali peupe, kwa mfano kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale siku isiyo na maonyesho, usukani ukatwe hadi mwisho, na gari lizungushwe polepole, kulia kisha kushoto. Likizunguka kwa utulivu, ni zima. Likigoma, likirukaruka na kuvutavuta kama ng'ombe anayepelekwa kwenye josho, mnunuzi arudi nyumbani na fedha zake. Mjomba wa Bungoma ameuliza kama haingetosha kuchomoa propela na kuliacha livutwe na magurudumu ya mbele tu. Swali hilo limepokelewa kwa heshima.

Kuhusu kununua moja kwa moja Uingereza, ambako usukani pia uko kulia, jibu ni fupi. Historia ya gari huku ni rahisi kupatikana, kwa kuwa kila lililotimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka katika mtihani uitwao MOT, na matokeo pamoja na maili husomwa bure mtandaoni na yeyote mwenye namba ya usajili. Ila barabara za huku humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isishike, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari, mahali ambapo fundi wa Kitale hana mazoea ya kutazama kwa sababu nchi yake haijawahi kumpa sababu. Zaidi ya hayo, Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, na STI mpya ziliacha kuuzwa Uingereza mwaka 2018. Gari litakalonunuliwa, kwa hiyo, karibu hakika limo nchini tayari, na umiliki wake utafutwe katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kabla ya shilingi yoyote kutolewa, kwa kuwa zipo logibuku ambazo jina la kampuni ya mikopo limeketi kando ya jina la muuzaji.

Inafahamika kwamba kuna haraka. Mwaka huu ni shufwa, Agosti ni msimu wa tohara kwa Wabukusu, na wapo wanaoona kwamba mtahiriwa hawezi kupokewa kwa Sienta. Inafahamika pia kwamba video imekwisha kutumwa kutoka Kimilili, ya dakika kumi na moja, ambamo spika za nyuma zimeonyeshwa kwa dakika saba na kijiti cha oili kwa sekunde mbili, kikiwa kimefunikwa na kidole gumba. Video hiyo haiwezi kutumika kama ushahidi, kwa sababu injini ilikuwa imekwisha kuwashwa, na injini yenye joto husema uongo: pistoni zilizolegea hunyamaza, na moshi wa oili iliyovuja usiku huwa umekwisha kupeperuka.

Injini ioneshwe ikiwa baridi, muuzaji asiiguse kabla, na iwashwe mbele ya simu inayopiga picha moja kwa moja. Kwa Kitale, saa inayofaa ni kumi na mbili na nusu asubuhi, ambayo kwa Banbury wakati huu wa mwaka ni saa kumi na nusu alfajiri. Mtaalamu atapatikana. Basi lake la kwenda ghalani huondoka saa kumi na moja na dakika kumi, na lisipokosewa, litakuwa gari lake la pekee siku hiyo kama siku nyingine zote.