Shemeji, Ako na Kompyuta ya Mtumba

Nyumbani kwetu Katesh kila mtu ana utaalamu wake, na kila utaalamu ulipata zamu ya kuichungulia kompyuta ya mezani tuliyonunua mtumba ili nichapie mitihani ya shule. Iliingia wazimu wakati wa kiangazi, wiki ambayo mtihani wa majaribio wa darasa la saba ulikuwa haujachapwa hata nusu. Hakukuwa na dalili. Unaandika "Chagua jibu lililo sahihi", kioo kinakuwa cheusi, feni inanyamaza, halafu inavuma tena na nembo ya Windows inatokea kwa upole kama mgeni asiyejua kwamba amevunja sahani. Ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda.

Baba watoto huendesha trekta kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, na kwake mashine yoyote inayozima ina moja kati ya mawili: haina mafuta au imechemka. Akaamua imechemka. Akafungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya trekta, na kusema kweli alichokikuta kilimpa haki ya kutamba. Katesh ni mji wa upepo. Tuko chini ya mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na vumbi hapa haliombi ruhusa. Tangu maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80, tope lilikauka likaingia kila mahali; kwa vumbi hilo sifanyi utani. Ndani ya kompyuta lilikuwa limelala juu ya bati la kupozea prosesa kama blanketi. Akalipuliza, akafuta dawa ya zamani iliyokuwa imekauka kati ya prosesa na bati, akapaka mpya. Feni ikapunguza kelele. Jioni ile ile kompyuta ikajizima na kujiwasha mbele yake, akiwa bado ameshika kitambaa.

Joto lilikuwa mshukiwa mzuri, ila prosesa ikizidiwa na joto mara nyingi huzima kabisa ili ijiokoe. Yetu haikuwa inapumzika hata kidogo.

Ndipo akaitwa Shemeji kutoka Dongobesh, fundi simu. Alishuka kwenye basi na begi dogo, na kabla ya kumaliza chai alikwisha toa hukumu: "Dada, hii ni virusi." Nimsifie kwa jambo moja. Windows ikianguka, kwa kawaida imepangwa ijiwashe upya upesi, hata ule ukurasa wa buluu wenye sababu ya kuanguka hupita kabla hujausoma. Shemeji aliuondoa mpangilio huo ili tuusome. Tukakaa tukisubiri ukurasa wa buluu. Haukuja, mashine iliendelea kujiwasha bila kutuaga. Akafungua kumbukumbu za matukio, na pale pamejaa mstari ule ule, Kernel-Power, namba 41. Akausoma kwa sauti ya daktari. Maana yake ni kwamba kompyuta imegundua haikuzimwa inavyotakiwa mara ya mwisho. Hilo nililijua tangu Jumatatu.

Mtu mwingine angeona hapo kwamba virusi hawana kesi. Shemeji akachomoa vijiti vya RAM, akavisugua miguu yake ya dhahabu kwa ufutio wa mwanangu, akavirudisha. Si upuuzi, uchafu mwembamba kwenye ile miguu huleta vituko vingi. Lakini si hivi. Baadaye akazunguka nyuma ya kompyuta na kuona kijiswichi chekundu kilichoandikwa 230. "Labda tuijaribu hii 115," akasema, na kidole kikawa tayari. Binti yetu wa mwisho, aliyekuwa anafanya kazi ya shule hapo mezani, akapiga kelele: "Mjomba! Umeme wetu ni 230!" Kidole kikarudi. Angekisogeza, pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, ingelipuka kwa mshindo, na kesi yote ingefungwa kwa kukosa mtuhumiwa.

Wakati huo wote Ako, babu wa watoto, aliyekuja kutoka Mbulu kutusalimia, alikuwa ameketi karibu na dirisha. Yeye kompyuta hazimhusu. Anachokijua ni kutazama: mawingu, ng'ombe, watu wanaopita. Siku moja jioni akasema, "Mjukuu wangu, taa imekonyeza." Hatukumjali. Kompyuta ikazima. Akasema tena kesho yake, nayo ikazima. Binti akachukua daftari akawa anaandika saa, na pembeni anaandika kinachosikika nje. Safu ya pembeni ikajaa neno moja: mashine. Ilikuwa mashine ya kusaga ya jirani, ile inayowashwa kuanzia saa kumi jioni, watu wanapokuja na madebe ya mahindi kabla ya kusonga ugali.

Hapa mambo yananoga. Mota kubwa inapoanza kuzunguka hunywa umeme mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishashika mwendo. Kwa muda mfupi mno volti za majirani wote walio kwenye waya mmoja na mota hiyo huporomoka. Taa inakonyeza na redio inaendelea kuimba. Pawa saplai ya kompyuta nayo imeundwa kuvumilia: kigezo cha siku nyingi ni kwamba ikinyimwa umeme iweze kuendelea kwa milisekunde 16 hivi. Umeme wetu ni wa hezi 50, maana yake wimbi moja huchukua milisekunde 20. Uvumilivu wenyewe, kwa hiyo, haufiki hata wimbi moja. Kinachovumilia ni kapasita, yale makopo madogo yanayotunza chaji, na kapasita hukauka kwa uzee na joto. Zikichoka, pawa saplai inashindwa kuiambia maderbodi kwamba umeme uko sawa, maderbodi inasimama. Nukta moja baadaye umeme unarudi, nayo inaanza mwanzo. Kompyuta yetu haikuwa inaumwa peke yake, wala jirani hakuwa na kosa peke yake.

Baba watoto alisikia neno volti akaenda Babati akarudi na stabilaiza nzito kama matofali mawili. Mambo yakawa mabaya zaidi. Stabilaiza za bei nafuu hupandisha na kushusha volti kwa rilei inayogonga "tak", na kwenye kila "tak" kuna upenyo mdogo usio na umeme. Kompyuta iliyokuwa inazima pale mashine ya kusaga inapowashwa, sasa ilizima pia pale stabilaiza ilipojitahidi kusaidia.

Aliyemaliza kazi ni fundi wa Babati. Alituonya kwanza tusije tukaifungua pawa saplai wenyewe, kwa kuwa kapasita kubwa ya ndani hukaa na volti zaidi ya 300 hata waya ukishachomolewa. Yeye aliifungua, akatuonyesha makopo mawili yaliyovimba vichwa. Akaweka pawa saplai nyingine, akatuuzia na UPS ndogo, kifaa chenye betri inayoshikilia umeme ukiyumba.

Sasa ikifika saa kumi jirani anawasha, UPS inalia "ti", nami naendelea kuandika. Mtihani ulichapwa na watoto wakaufanya. Shemeji hadi leo anasema kilichosaidia ni ule ufutio. Stabilaiza imehamishiwa kwenye friji, na huko haina kosa.