Mjomba Anajibu: Simba Hasomi Bei ya Hema

Wiki hii barua zinahusu kusini, na karibu zote zinanuka moshi wa kuni. Naanza na ya mwenye pesa.

*Mjomba, mimi na wenzangu wa ofisini tunataka kulala porini Liwale siku tatu, bila hoteli wala mlinzi. Nimetazama video za Wamarekani, nikanunua dawa ya kumpulizia dubu na kamba ya kuning'inizia chakula mtini. Kuna kingine? – Mpenda Maumbile, Sinza*

Mpwa wangu, dubu wa mwisho wa Afrika waliishi milima ya Atlas, kaskazini kabisa, na walishatoweka. Kwa upande wa dubu uko salama. Tatizo ni wenyeji. Liwale inapakana na nyika za Selous, ambazo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na simba na tembo hawaulizi mpaka uko wapi. Chakula ukikining'iniza utamkomoa fisi, lakini tembo utakuwa umemtengea usawa wa mkonga, hasa kama umebeba maembe. Na ukipita Kivinje ukamnunulia mama mkwe ng'onda, usilale nao hemani. Ukiingia hifadhini, kata kibali na uombe askari wa wanyamapori. Kama ni msitu wa kijiji, piga hodi kwa mwenyekiti akupe mtu anayejua njia za tembo. Utaona mahali peupe pazuri karibu na maji, pamesawazishwa vizuri. Usipige hema hapo. Aliyepasawazisha anarudi usiku.

*Mjomba, kila mahindi yakikaribia kukomaa mume wangu anahamia shamba. Anasema anaamia nguruwe. Usiku simu haipatikani. Jirani ananiambia huko hakuna nguruwe, kuna mwanamke. – Mwenye Mashaka, Kilwa*

Mwanangu, laiti angekuwa mwanamke! Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania, waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 nchini. Pwani hii ya Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, na vifo vilipanda msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Swala wakipungua, nguruwe pori anabaki. Nguruwe anafuata mahindi, simba anafuata nguruwe, na mumeo kalala katikati yao, kwenye kibanda cha makuti ambacho mlango wake ni kanga yako ya zamani. Yeye hajui kwamba kuna watu wanaolipia starehe hiyo.

Kwa hiyo acha kumpelekea maneno. Mpelekee tochi nzuri na mbao. Yeye na wenye mashamba ya jirani wajenge dungu la juu lenye kuta na mlango wa kufungwa, walinde kwa zamu, na haja zote wazimalize kabla jua halijazama, maana wapo waliokamatwa wakitoka kwenda chooni. Ukiambiwa simba huyo katumwa na mchawi, usibishane. Hata wa kutumwa mlango unamzuia. Ila huyo jirani yako, mbona anajua sana mambo ya shambani usiku?

*Mjomba, nataka kumchumbia binti porini chini ya mbalamwezi. Mwezi mpevu utanikuta zamu ya kazi. Nikimpeleka siku nne baadaye? – Mahaba, Kilwa Masoko*

Hapana. Packer na wenzake walirudi mwaka 2011 na hesabu nyingine: hatari inapanda siku zinazofuata mwezi mpevu, na wengi walishambuliwa kati ya magharibi na saa nne usiku. Simba anawinda kwa shida kwenye mbalamwezi, hivyo analala na njaa. Siku nne baadaye mwezi unachelewa zaidi ya saa tatu, na giza hilo la jioni ndilo alilokuwa akilingoja. Badili zamu, au mchumbie mchana Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, ambako hatari kubwa ni kuonwa na wajomba zake.

*Mjomba, nikipiga kambi Tendaguru nitapata mfupa wa dinosaria wa kuuza? – Mtafutaji, Lindi mjini*

Kuchimba bila kibali ni kesi. Wajerumani walichimba huko kati ya 1909 na 1913, na wapagazi wetu wakabeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi; mmoja wa dinosaria hao, mkubwa ajabu, amesimama Berlin hadi leo. Wakaja Waingereza mwaka 1924, wakiongozwa na William Cutler. Alipiga kambi katikati ya nchi ya simba, na mwaka uliofuata akafa kwa malaria. Nunua chandarua kwanza. Mifupa ile ina miaka kama milioni 150, itakungoja.