Sifa za Pipa la Bluu

Katika ufugaji wa samaki wa bahari nyumbani hakuna chombo kitukufu kuliko pipa la plastiki la lita 200, lile la bluu lenye mdomo mpana na kifuniko. Haliwaki taa, halitumi ujumbe kwenye simu, wala hakuna mgeni aliyewahi kuitwa stoo aje kulitazama. Watu wa nyumbani hulilaumu kwa sura mbaya na kwa kula nafasi. Hata hivyo, pipa ndilo linalowezesha theluthi au nusu ya maji ya akwaria kubadilishwa kabla ya chai kupoa, kazi ambayo pasipo pipa huahirishwa wiki baada ya wiki mpaka samaki wenyewe waidai kwa kufa.

Utukufu huu hauonekani sawasawa bila kukumbuka dhiki iliyoutangulia. Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alisafirisha matumbawe hai kutoka Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, hadi London, mbali na bahari. Maji ya bahari yalikuwa adimu mjini, hivyo yaleyale yalilazimika kutumika tena na tena, na hewa ilitiwa kwa njia moja tu: mtumishi wa ndani aliyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki. Mwaka uliofuata mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse alichapisha kitabu The Aquarium, na vioo vyenye samaki vikawa pambo la sebule za wenye nacho. Sebule zilipambwa, aliyebeba maji aliendelea kubeba.

Mbebaji huyo angali hai, na chombo chake ni ndoo. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 huzidi kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Akwaria ya lita 300 inayobadilishwa asilimia 40 ya maji huhitaji ndoo sita kutoka na sita kuingia, jumla karibu kilo 246, nyingine zikipita juu ya zulia. Mgongo hupiga hesabu hiyo mapema kuliko akili, na uamuzi wake haubadiliki: wiki hii asilimia 10 inatosha.

Asilimia 10 haitoshi, na hapa pipa huonyesha kwamba limesoma hisabati. Mabaki ya chakula na vinyesi hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati hujilimbikiza. Ikiwa imefika miligramu 50 kwa lita, kubadili sehemu ya kumi huiacha kwenye 45, ilhali kubadili nusu huishusha hadi 25. Wapo wanaodhani kwamba sehemu ya kumi ikirudiwa mara tano huwa nusu. La, kwa sababu kila awamu hutupa pia baadhi ya maji safi yaliyotiwa awamu iliyotangulia. Baada ya mara tano hubaki miligramu 29.5, na hesabu hiyo ni ya huruma, kwa kuwa imesahau kwamba samaki hawakuacha kula katikati. Badiliko kubwa pia hurudisha kwa mkupuo kalisi, ambayo bahari huwa nayo miligramu 420 hivi kwa lita, na magnesi, karibu 1,300. Matumbawe huzichota hizo kila siku kujengea mifupa yao.

Kama ilivyo kwa kila mtukufu, nasaba ya pipa huulizwa kwanza. Pipa lililobeba dawa za shambani, mafuta au sabuni halifai, hata lisuguliwe namna gani, kwa sababu plastiki hunyonya na baadaye hutema. Linalotakiwa ni jipya, au lililobeba chakula. Pembetatu yenye namba 2 iliyochapwa kitakoni huonyesha kwamba plastiki ni polietilini nzito, lakini alama hiyo hutaja ukoo tu, haitaji tabia. Koki huwekwa sentimita chache juu ya kitako ili mashapo yabaki chini, nayo iwe ya plastiki: shaba, na hata shaba nyeupe, huachia madini yanayoua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi ambacho samaki huenda wasikihisi.

Kazi kuu ya pipa hufanyika usiku, mfugaji akiwa amelala. Hujazwa maji yaliyopita kwenye kichujio cha osmosisi kinyume, na koki ya boya, ileile ya matangi ya chooni, huyafunga yakifika juu. Chumvi ya akwaria hufuata, gramu 35 hadi 40 kwa lita kadiri mfuko unavyoelekeza, yaani kilo saba au nane kwa pipa zima. Hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji yanayozungushwa na pampu. Maji hayamwagwi juu ya chumvi, maana katika mchanganyiko mkali sehemu ya kalisi hugeuka vumbi jeupe lisiloyeyuka tena. Hita huyafikisha kwenye joto la akwaria, nyuzi 25 au 26. Asubuhi kipimo husoma sehemu 35 kwa elfu, au kiasi kilekile kilichomo katika akwaria. Maji mapya yakilingana na ya zamani kwa joto na chumvi, samaki hawana la kushtukia, na ukubwa wa badiliko hauwi tena tishio.

Siku yenyewe ya kubadili haina ushujaa wowote, na hiyo ni sifa. Hita na pampu za akwaria huzimwa kwanza. Hita ya kioo ikiachwa hewani ikiwa moto hupasuka maji yanapoirudia. Mpira mmoja hutoka kwenye akwaria hadi kwenye tundu la bafuni, na kwa kuwa mwisho wake uko chini ya usawa wa maji, yakishaanza kushuka huendelea yenyewe bila umeme. Mstari wa wino kwenye kioo huonyesha pa kusimamia. Mpira wa pili, uliobanwa imara ukingoni, huleta maji mapya kwa pampu iliyomo ndani ya pipa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya maji yasiyopanda popote, kwa hiyo hununuliwa yenye nguvu ya ziada. Pampu inayofikisha lita 1,200 kwa saa juu ya akwaria hurudisha lita 120 kwa dakika sita. Muda huo matumbawe mengi huvumilia kukaa nje ya maji; sifongo hawavumilii, hivyo hupangwa chini ya mstari.

Wapinzani wa pipa ni wengi na wana bei. Dawa za kuondoa nitrati huiondoa kweli, lakini hazirudishi kalisi. Mashine za kubadili lita chache kila siku hufanya kazi kwa uaminifu, ila zikifuatwa mipira yake hukutwa imeishia ndani ya pipa. Mpinzani wa heshima ni bahari yenyewe, hasa kwa mkazi wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, anayeiona kutoka dirishani. Bahari haitozi bei, lakini haipandi ngazi. Maji yake yafaa kutekwa mbali na bandari, mifereji ya maji taka na midomo ya mito, na wakati wa masika chumvi hupungua pale mito inapomwaga. Yakifika nyumbani kwa madumu huhitaji kuchujwa, kutulia na kupimwa, na mahali pa kutulia ni palepale.

Aibu za pipa, zikichunguzwa, ni mafunzo. Likijaa huzidi kilo 200, kwa hiyo humfundisha mwenye nyumba kuchagua mahali mara moja, penye sakafu imara na karibu na bomba. Lina pia uchoyo: pampu ikizimwa mwisho wa mpira ukiwa umezama katika akwaria, maji hugeuza njia na kushuka tena pipani, kisha sakafuni. Uchoyo huo hukomeshwa kwa kufunga mwisho wa mpira juu ya usawa wa maji, au kwa tundu dogo la kuingiza hewa karibu na ukingo. Waya za umeme nazo huachwa zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yafuate waya yakadondokee sakafuni. Maji ya zamani hupelekwa kwenye mfereji wa maji taka. Yakimwagwa bustanini, chumvi hukausha mimea.

Neema ya mwisho ya pipa haihusu ratiba. Hita ikikwama na kupika maji, samaki akifia nyuma ya jiwe, au mtoto akimimina sabuni katika akwaria kwa nia njema, kinachohitajika ni maji mengi yaliyo tayari saa hiyo, wala chumvi iliyoyeyushwa dakika kumi zilizopita haitoshi. Ndiyo maana pipa hujazwa tena siku ileile linapomwagwa na kufunikwa lisipoteze maji kwa mvuke. Kabla ya kutumiwa maji huzungushwa, hupashwa joto na kupimwa upya.