Tope la Masika Lipewe Haki Yake

Wauzaji wa safari za Kilimanjaro wamelisengenya tope kwa miaka mingi. Mgeni huambiwa aje Januari, au asubiri Julai. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, wanaipita mbiombio kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa mkali. Mimi nasema hivi: mlima mzima huo hauna mtumishi mwadilifu kuliko tope la msituni.

Tuanze na nasaba, maana tope hili si la kuokotwa. Baba yake ni volkano, aliyelirithisha majivu yaliyolainika karne kwa karne hadi yakawa udongo. Mama yake ni mvua ya Bahari ya Hindi, inayopanda mteremko wa kusini, ikapoa, ikamwagika. Msitu wa upande huo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hazifiki hata 300. Theluji mnayoipiga picha inaishi kwa makombo ya mvua iliyokwisha kulishibisha tope.

Ualimu wake nao hauna mfano. Mwongozaji huimba "pole pole" tangu getini, na mgeni huitikia kwa kichwa huku miguu ikikimbia. Tope halirudii somo. Mgeni akijaribu mbio kidogo tu kwenye njia ya Umbwe, ambako mwinuko ni mkali na mizizi ndiyo ngazi, mara amekaa kitako na kuelewa kila kitu. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Hapa mtu hupewa nafasi ya kulinganisha yote mawili kabla ya chakula cha mchana. Na mwendo huo wa taratibu aliofunzwa msituni ndio utakaomfaa huko juu, ambako hewa ni haba na wenye pupa huugua kichwa na kutapika.

Rushwa halipokei. Buti la mamia ya dola na gambuti la sokoni Moshi hunyonywa kwa kina kilekile. Anayelidharau akapita pembeni, akikanyaga mimea ili asichafuke, huipanua njia. Mvua ijayo ikinyesha, pembeni nako ni tope. Ni mfalme gani mwingine ambaye mipaka ya nchi yake husogezwa mbele na wanaomkimbia? Mwenye busara hupita katikati, akachafuka, akaendelea na safari.

Wapinzani watanionyesha wagumu, yaani wapagazi wetu, na hapo msifiaji lazima atokwe jasho. Kanuni ya hifadhi ni kilo 20 za mzigo. Mgumu huzibeba kichwani au begani, na humpita mgeni njiani ili akute hema limeshasimama. Hema hilo lilipimwa getini likiwa kavu. Usiku likinyeshewa, asubuhi hukunjwa na maji yake, na kilo zilizoongezeka hazina karatasi inayoziandika. Tope halimhurumii mtu huyo hata kidogo.

Hayo yote nayakubali. Lakini tope halikuagiza meza ya kulia wala choo cha kubebwa. Halikupanga ujira, wala halikumpeleka mtu mlimani na raba zilizokwisha soli. Kosa lake ni kuteleza tu. Mzigo ulipangwa na watu waliokuwa na miguu mikavu. Basi kila anayepanga malipo ya wagumu na aletwe Umbwe mwezi Aprili, atwishwe kilo 20 kichwani, avalishwe raba hizo hizo, aambiwe afike kambini kabla ya mgeni. Mengine tope litamweleza lenyewe.